Chuma cha Mize

Tangu saa nane za usiku nimo kwenye tanuri,
Machomane, kwa Mselem,
nakanda ngano magunia mawili,
boflo, skonzi, mikate ya mviringo,
mpaka adhana ininyanyue kichwa.
Chake yote hufungua kinywa kwa mkono wangu.
Mji mzima, isipokuwa mwanangu.

Nikifika nyumbani siingii kwa mlango wa mbele.
Nyuma, penye pipa, navua shati,
nalikung'uta mbali na kamba ya nguo zake,
naosha mikono hadi viwikoni, mara tatu,
kisha nyusi, kisha masikio,
udhu wa pili usio na sala yake.
"Kucha, baba," hunambia dirishani,
"bado nyeupe."
Ana miaka minane na jicho la kadhi.

Mwaka mzima tulizunguka na tumbo lile.
Wakasema mchango. Wakasema kijicho.
Tukavuka hadi Unguja, Mnazi Mmoja,
daktari akaandika neno moja kwenye karatasi,
gluteni,
nikalikunja nikalitia ndani ya kofia
kama hirizi.
Nikamuuliza, ndiyo nini?
Akasema: ule mnato wa ngano,
unaofanya donge livutike lisikatike.
Nikacheka, Mungu anisamehe.
Miaka kumi na tisa ndiyo kazi yangu,
kuutafuta mnato ule kwa viganja,
kuusubiri uje.

Basi, unga wa mahindi.
Mahindi hayana undugu, kila chembe na lake.
Asubuhi ya kwanza ulivunjika kwenye chuma
ukawa mchanga wa kuwapa kuku.
Ya pili, kuku nao wakaukataa.
Bikombo alikaa na kikombe chake, kimya.
Mke wangu asiposema
husikika hadi Wawi.
Siku ya nne ndipo akanena:
"Wewe unaukanda.
Huu haukandwi. Huu hubembelezwa."

Kwanza maji yanayotokota, juu ya unga mkavu,
ukafunikwa kawa, ukaachwa na siri yake
mpaka umumunyike.
Halafu tui zito, yai moja,
ndizi ya kisukari iliyoiva hadi ikatia aibu,
hiliki mbili, za kutwanga sasa hivi, si za jana.
Uteremke kwenye upawa polepole,
kama uji wa mgonjwa anayepata nafuu.

Na chuma chake mbali.
Bikombo amebandika utepe mkononi mwa chuma,
ameandika kwa kalamu nyekundu: WA MIZE.
Mwiko pia. Chekecheke pia.
Sikukuu iliyopita shemeji alikichukua
akakaangia chapati zake, hakujua.
Bikombo hakugomba. Alimwambia, "Nenda nacho,"
Jumatatu akanunua chengine.

Sasa namimina.
Mimi ninayekata madonge gizani bila mizani
duara hili halinitoki sawa, linaota masikio.
Juu panatoboka vitundu, vitundu,
kama kofia ya viua mikononi mwa mshonaji.
Sigeuzi mpaka pakauke.
Namwomba Mola kimoyomoyo
kwa jambo dogo kama hili, naona haya,
naomba hivyo hivyo.
Linageuka. Zima.

Mize anaketi mkekani na sare ya skuli,
analiinua la kwanza kwenye mwanga wa mlango,
ananichungulia kwenye kitundu kimoja
muda mrefu, jicho moja tu la kahawia.
Anauma. Anatafuna.
"Chumvi," anasema, "imepungua."
Anakula manne.

Nami nimekaa kando kidogo,
mikono ingali majimaji,
nangoja nikaribishwe.